Koti la Namba Tisa

Sanduku lilikuwa wazi, ndani hamna kitu. Blanketi tu, na gamba moja dogo kama ukucha wa mtu.

"Kakakuona, mtoto, kilo mbili na nusu," alisema daktari wa kituo cha kuokoa wanyama. "Wawindaji walimuua mama yake, sisi tukamwokoa. Hapa hatuwapi majina. Huyu ni Namba Tisa."

"Kaibwa lini?" aliuliza Inspekta.

"Jana asubuhi hatukumkuta. Tukadhani katoroka, tukashinda vichakani tunamtafuta."

"Mkakanyaga nyayo zote. Hongereni."

Daktari akaokota lile gamba.

"Atavumilia mpaka lini?"

"Huyu hali kwenye sahani. Lazima mlezi atembee naye, afukue sisimizi mwenyewe. Asipokula leo, kesho tunazika."

Kufuli halikuvunjwa. Alama za vidole zilikuwa za wafanyakazi wote, hazikusaidia kitu. Inspekta akatazama msumari mtupu ukutani.

"Hapa hutundikwa nini?"

"Koti la malezi. Anayemlea ndiye analivaa, na ni marufuku kulifua kwa sabuni. Mnyama anamjua mlezi kwa harufu. Nalo halipo."

Inspekta akacheka kidogo. Mtu anayetaka kuuza magamba, koti linalonuka mkojo la nini? Mwizi alimtaka mnyama akiwa hai. Mtu wa humu humu.

Walezi walikuwa wawili, dada na mdogo wake. Dada alimlea Namba Tisa miezi mitano. Mwezi uliopita akahamishiwa jikoni kukatia wanyama wengine matunda, koti akapewa mdogo mtu.

"Kwa nini?" Inspekta alimuuliza mdogo mtu.

"Dada alikuwa anamwimbia, afande. Ukimzoesha hivyo, porini harudi tena. Mimi hata simsemeshi. Ananifuata tu."

"Dada yako alisemaje?"

"Kazi hii aliniombea yeye. Tangu nipewe koti, haitikii salamu yangu."

Dada akaitwa. Alikaa, akaficha miguu chini ya kiti.

"Mwezi huu umekanyaga vichakani?"

"Sijakanyaga."

"Hata jana, wenzako wanatafuta?"

"Nani angelisha wengine? Wewe?"

"Toa miguu."

Vifundo vilikuwa vimevimba, vipele vyekundu tupu.

"Mbu," alisema dada.

"Mbu gani huyo anayekuachia uso mzima, anakula vifundo? Hao ni sisimizi, dada yangu. Ulisimama juu ya nyumba yao ukimsubiri Namba Tisa ale."

Dada akarudisha miguu chini ya kiti.

Nyumba yake ilikuwa mwendo wa dakika kumi. Inspekta alikwenda nao wote watatu kwa gari. Uani, kwenye kamba ya nguo, koti lilikuwa linaning'inia, safi, linanukia sabuni. Chini ya kitanda, ndani ya tenga, Namba Tisa alikuwa amejikunja kama mpira.

"Nimempeleka kwa sisimizi mara tatu," alisema dada. "Hafunguki. Nimemwimbia. Hafunguki!"

"Koti umelifua wewe?"

"Lilikuwa linanuka huyu!" Akamnyooshea mdogo wake kidole. "Nilitaka linuke mimi."

"Sabuni imekufuta na wewe," alisema daktari.

Dada akakaa chini, pale pale sakafuni.

"Mama alipougua nilimwosha mimi, nikamgeuza mimi, miaka miwili. Huyu anakuja Jumapili na marashi yake, halafu chakula Mama anakubali mkono wa huyu tu. Nikameza. Sasa na huyu kiumbe niliyemnywesha maziwa kwa sindano? Andika, afande. Nilimwiba kwa wivu. Usitafute neno zuri."

Mdogo mtu alivua sweta lake, lile alilolivaa chini ya koti mwezi mzima, akalitandaza juu ya tenga, akalibeba tenga mpaka ukingoni mwa uwanja wa nyumba, kwenye shimo la sisimizi. Akaliinamisha taratibu, akarudi nyuma.

Dada alifungwa pingu, akaingizwa kwenye gari, mgongo kwa uwanja.

Dakika zikapita.

"Afande. Anakula?" dada aliuliza.

Inspekta akatazama kwenye kioo cha gari. Mpira ulikuwa umefunguka. Pua imetoka, ulimi unaingia na kutoka shimoni. Mdogo mtu kasimama pembeni, analia.

"Anakula."

"Mdogo wangu kamsemesha?"

"Hapana."

Dada akaegemeza kichwa kwenye kiti.

"Hata neno moja," alisema.