Makabidhiano Kwenye Kiti cha Jiwe

Ujumbe uliingia saa tatu na dakika kumi na mbili asubuhi.

"Shangazi anatoka hospitali leo. Kampokee."

Nives Zennaro aliusoma mara moja, akaufuta, akairudisha simu mfukoni. Maneno matano tu. Maana yake: makabidhiano ni leo, msaliti analeta mzigo mwenyewe, wakamate wote wawili.

Alikuwa amesimama mbele ya simba wa mawe kwenye lango la Arsenale, kiwanda cha kale cha meli za Venezia, katikati ya watalii kumi na tisa waliofunga vitambaa vya njano shingoni. Ukungu wa Novemba ulikuwa umeshuka hadi kwenye maji. Mwongoza watalii, dada mmoja mwembamba aliyeitwa Fosca, alikuwa akieleza ni simba yupi aliletwa kutoka wapi, na sauti yake iliingia masikioni mwa kila mmoja kupitia kipokezi kidogo kilichoning'inia kifuani.

Nives alitikisa kichwa kama mtu anayesikia mambo hayo kwa mara ya kwanza.

Simba wale alikuwa akiwapanda mgongoni alipokuwa na miaka sita.

Kitambulisho chake kilisema yeye ni Marta Keller, mwalimu wa jiografia kutoka Bolzano, hana mume, hana mtoto. Miwani yake ilikuwa na kamera. Kifungo cha pili cha koti lake la mvua kilikuwa maikrofoni. Chini ya kwapa la kushoto ilikuwepo Beretta yenye risasi kumi na tano. Kila alichovaa kilikuwa cha serikali, isipokuwa soksi.

Hatua nne mbele yake alisimama mtu wake.

Lenz.

Ndilo jina alilolitumia mwezi huo. Mrefu, kofia ya sufu ya kijivu, buti za ngozi, kamera ya Leica ambayo hakuwa amepiga nayo picha hata moja tangu asubuhi. Kanali Bergonzi, bosi wa Nives kule Roma, alikuwa akimwinda kwa miaka mitatu. Safari hii Lenz alikuja kuchukua namba za siri za malango ya bahari, yale ya chuma yanayoinuliwa kuzuia maji yasiingie Venezia. Utabiri ulisema leo alasiri, saa kumi na dakika arobaini, maji yangepanda sentimita mia na arobaini na tano. Lenz na wenzake walitaka malango yalale chini, jiji lizame mchana kweupe, halafu ndipo waanze kutoa masharti yao.

Kubadilisha namba hizo kungechukua siku mbili. Siku mbili hazikuwepo. Na hakuna aliyejua ni fundi gani ameziiba.

Ndiyo maana Lenz alikuwa bado huru.

Msafara ulianza kuelekea mtaa wa Via Garibaldi. Nives akasogea karibu na Lenz, akajifanya anafunga kamba ya kiatu, akainua macho. Vipokezi vyote vya kundi vilikuwa kwenye chaneli ya nne.

Cha Lenz kilikuwa kwenye ya saba.

Akahamisha cha kwake. Kwanza mikwaruzo. Kisha sauti ya mwanamume, ya chini, yenye lafudhi ya visiwani.

"Nusu saa. San Pietro, kwenye kiti cha jiwe."

Nives akarudi chaneli ya nne na kukiambia kifungo chake, "San Pietro. Nusu saa. Kiti cha jiwe."

"Nimekupata," Kanali alijibu kupitia kisikizi kidogo kilichofichwa kwenye sikio la pili la Nives. "Boti yetu inaondoka sasa. Mpaka hapo, wewe ni Marta."

Alikuwa Marta. Alipita kwenye mtaa wenye mashati yaliyoanikwa kutoka dirisha hadi dirisha na hakuinua kichwa kuyaangalia. Alipita karibu na boti ya mboga iliyofungwa mwisho wa mtaa, ambako mama yake alikuwa akibishana kila Jumamosi juu ya maua ya artichoki, akaipiga picha kama walivyoipiga wengine. Nyumba ya kwao ilikuwa ya tatu baada ya duka la mikate. Mlangoni palikuwa na kisanduku cha funguo chenye namba, cha wageni wanaopanga kwa siku mbili tatu. Alikitupia jicho moja na kuendelea kutembea. Alikuwa hajaukanyaga mtaa huo kwa miaka kumi na moja.

"Nives?"

Hakugeuka.

"Nives. Nives wa Bruna."

Mkono ukamshika kiwiko. Alikuwa Bibi Ines, jirani wa ghorofa ya chini, kafupika kuliko alivyomkumbuka, na kikapu cha matairi mawili nyuma yake. Jicho moja lilikuwa limeingia ukungu. Lile jingine lilikuwa linamwona vizuri sana.

Hatua mbili mbele, Lenz akapunguza mwendo.

"Samahani, mama," Nives alisema kwa lafudhi nzito ya milimani. "Umenifananisha."

"Nikufananishe wewe? Mimi niliyekuosha masikio?" Bibi kizee alicheka, akamkazia macho. "Umekonda, mwanangu. Huko unakokaa hawali?"

"Mimi natoka Bolzano. Naitwa Marta."

Lenz alikuwa amesimama sasa, anaangalia dirisha la duka. Duka lilikuwa limefungwa. Kwenye kioo chake Nives aliyaona macho ya yule mtu, na macho yalikuwa kwake.

Bibi Ines aliinua kidole, akakigusa kidevu cha Nives, pale palipokuwa na kovu dogo. "Na hili? Ulianguka kwenye ngazi za daraja, damu chapa chapa. Nilikufunga na leso yangu mwenyewe."

"Nilianguka na baiskeli, mama. Bolzano."

Kicheko kilififia polepole usoni mwa yule bibi. Akashusha mkono.

"Mama yake, Bruna, alikuwa anamwulizia," alisema, kama anayemwambia mtu wa pembeni. "Mpaka siku ile ya mwisho. Kila mlango ukigongwa, anasema ni Nives. Tulimzika watu tisa. Nikajua huyo mtoto kakwama mahali, si bure, si mtoto wa kumtupa mama yake. Ukimwona mtu anayefanana naye namna hii, lazima uulize."

Siku ya mazishi yale Nives alikuwa kwenye chumba kisicho na dirisha, nchi nyingine, jina jingine. Alipata habari siku ya kumi na saba, kwa barua ya mistari miwili kutoka ofisini.

"Pole sana," alisema Marta Keller. "Natumaini atarudi."

"Basi nisamehe. Macho yangu haya."

Bibi Ines akakokota kikapu chake na kuingia kwenye ukungu. Magurudumu yake yalisikika juu ya mawe kwa muda mrefu.

Lenz alikohoa, akaendelea na safari. Alikuwa ameridhika.

Sikioni, Kanali alisema taratibu, "Kazi safi."

Nives aliifuata kofia ya kijivu.

Kanisa la San Pietro lilikuwa baridi kuliko nje. Fosca alilikusanya kundi mbele ya kile kiti cha jiwe ambacho mgongo wake umechongwa maandishi ya Kiarabu, akalieleza kwamba jiwe hilo lilikuwa la kaburi kabla halijawa la kukalia. Watalii walipiga picha, wakahamia altare ya pili.

Lenz alibaki nyuma. Nives naye alibaki, amepiga magoti kwenye benchi la mwisho, mikono usoni, anaangalia kati ya vidole.

Mlango wa pembeni ukafunguka. Mwanamume wa miaka hamsini hivi aliingia, koti la bluu la mafundi, kichwa wazi. Alichovya vidole kwenye maji ya baraka. Akapita karibu na kiti, akaweka kitu kwenye ukingo wake bila kusimama, akaendelea hadi mbele na kuwasha mshumaa.

Kipokezi. Kinafanana kabisa na vya watalii.

Lenz akapita, akakichukua, akaacha cha kwake pale pale. Sekunde mbili.

"Mzigo umehama," Nives alinong'ona. "Fundi ana koti la bluu, yuko kwenye mishumaa. Namfuata Lenz."

"Fundi tuachie sisi. Kadi imo ndani, mahali pa betri. Akiipachika kwenye simu na kuzituma namba, Nives, tumekwisha."

Wanaume wawili waliokuwa wakisali karibu na mishumaa waliinuka, wakamshika fundi mikono huku na huku. Baadaye ilijulikana kwamba anaitwa Tullio Dorigo, fundi wa kampuni ndogo ya matengenezo, na kwamba hakupinga wala kuuliza swali. Aliomba tu aruhusiwe kukaa chini.

Lakini Lenz aligeuza shingo na kuona.

Akatoka mbio.

Nives akamfuata. Nje ukungu ulikuwa umemeza nusu ya mnara. Lenz alikata uwanja wa majani kuelekea gati, ambako boti yake ya teksi ilikuwa ikinguruma. Boti ya polisi wa Karabinieri ikatokea kwenye ukungu, ikaizibia njia. Dereva wa teksi akanyoosha mikono juu.

Lenz hakusimama hata kuangalia. Akapinda, akavuka daraja dogo, akachomoa Walther yenye kizuia sauti.

Tup. Tup.

Kipande cha tofali kikaruka karibu na sikio la Nives. Alikuwa na Beretta mkononi, na Lenz alikuwa mita ishirini mbele, mgongo wazi. Juu ya kichwa chake mama mmoja alikuwa amejitokeza dirishani anakung'uta kitambaa cha meza.

Hakufyatua.

Lenz akapinda kushoto.

Nives akaacha kukimbia.

Uchochoro ule aliujua. Una nyumba saba, ukuta wa bustani, na mwisho wake ngazi tatu za jiwe zinazoteremka majini. Hauna daraja. Hauna mlango wa nyuma. Utotoni walikuwa wakiwatuma huko watoto wa mitaa mingine walipocheza kukimbizana, kisha wanawangoja mdomoni mwa uchochoro wakicheka.

Aliingia taratibu, bega likigusa ukuta wa kulia. Ndani ya ukungu aliona mwanga wa bluu. Simu.

Lenz alikuwa amesimama kwenye ngazi ya juu, mgongo majini, Walther mkono wa kulia. Alikuwa ameshaipachika kadi.

Nives akachomoa waya wa sikioni kwenye kipokezi cha watalii. Akafungulia sauti ya kipokezi chake mpaka mwisho, akakirusha kwenye ukuta wa kushoto.

"...na mnara huu, mabibi na mabwana," ilisema sauti ya Fosca kwa kukatikakatika, "kama mnavyouona, umeinama..."

Lenz akaipiga risasi sauti ile mara tatu.

Nives alikuwa ameshafika. Bega lilimkuta Lenz kifuani, akarudi nyuma hatua moja, ya pili ikakanyaga ukungu mtupu. Kofia, Leica, bastola, simu. Vyote viliingia majini naye.

Kabla simu haijazama, kioo chake kilimwonyesha Nives kiasi kilichokuwa kimeshatumwa. Asilimia themanini na moja.

Kikazimika.

Lenz aliibuka akikohoa, akashika nguzo ya kufungia boti. Bila kofia alikuwa na kipara na alionekana mzee. Nives alikaa kwenye ngazi ya juu, Beretta juu ya goti. Kwa mbali injini ya boti ilikuwa inakaribia. Walikuwa wawili peke yao.

"Mgeni asingeacha kukimbia," Lenz alisema. Meno yalikuwa yanagongana. "Ulijua hapa hakuna njia."

"Nilijua."

"Wewe si wa Bolzano."

"Hapana."

Lenz akajipangusa maji usoni.

"Yule bibi alisema kweli."

Nives aliangalia maji. Hakuna jambo ambalo alikuwa amelikana vizuri zaidi maishani mwake.

"Alisema kweli," alijibu. "Nilizaliwa mtaa ule. Naitwa Nives."

Lenz akatikisa kichwa taratibu, kama watu wanavyofanya msibani. Karabinieri walipomvuta botini alikuwa bado anamwangalia.

Malango yalianza kuinuka saa saba mchana. Saa nane Kanali alimpigia. Alisema Roma imefurahi. Nives alimwomba saa moja, aende kumwona mtu mmoja Via Garibaldi, amwambie neno moja tu. Kisha Kanali, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema kwamba Marta Keller bado ana kazi, kwamba wenzake Lenz nao wana macho mtaani, na kwamba bibi kizee akijua jambo kama hilo, hatari inakuwa yake. Treni ni saa kumi na moja na dakika kumi.

"Sawa," Nives alisema.

Saa kumi na dakika arobaini alikuwa mbele ya stesheni na begi lake dogo. Ukungu ulikuwa umeondoka. Watu walikuwa wanatoka kazini, wengine wamevaa buti za mpira hadi magotini juu ya mawe makavu. Vijana wa manispaa walikuwa wakizikusanya meza ndefu ambazo watu hupita juu yake maji yakijaa, zilizokuwa zimepangwa tangu alfajiri.

Mzee mmoja aliyeuza buti alikuwa anazirudisha kwenye maboksi huku akilalamika kwa kila aliyepita. Alimsimamisha na Nives. Alimweleza kwamba ameamka saa kumi ya usiku kwa ajili ya hao watabiri, kwamba kila mwaka ni hadithi zile zile.

"Mia na arobaini na tano, walisema. Haya, dada, wewe una macho. Maji yako wapi?"

Nives aliuangalia mfereji. Ulikuwa umetulia, umekaa chini kabisa ya ukingo.

"Sijui, baba," alisema. "Mimi mgeni tu hapa."

Akaweka begi begani, akapanda ngazi za stesheni bila haraka.