Barua Pepe Moja, Watoto Wawili

Kila alasiri baada ya masomo, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuingia chumba cha kompyuta. Nilifuta vumbi, nikawasha mashine, nikaketi kwa maringo, maana mwalimu alikuwa amenipa kazi ya kutengeneza fomu ya kujiandikisha kupimwa macho. Nafasi zilikuwa arobaini tu.

Kabla ya fomu kuanza kutumika, mwalimu aliniuliza kama nimejaribu kuandikisha barua pepe moja mara mbili. Nikajibu kwamba nimejaribu. Ulikuwa uongo mtupu. Nilitaka kuwahi mpira.

Siku ya daktari wa macho kuja shuleni ikafika, majina yakasomwa mpaka nafasi zikajaa. Rafiki yangu, tuliyemwita Mnusa Daftari kwa jinsi alivyosoma pua ikigusa karatasi, hakuitwa. Mdogo wake aliitwa. Nikaelewa papo hapo: wote wawili walitumia barua pepe ya mama yao, na jina la mdogo lilipoingia, likafuta la dada mtu. Fomu yangu ilipokea tu, haikumkatalia mtu.

"Labda ulikosea kubonyeza," nilimwambia.

Aliinamisha kichwa. "Nisamehe, ndugu yangu. Umehangaika na ile fomu, halafu mimi nimekuharibia."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Yeye ndiye asiyeona ubao, na yeye ndiye aliyekuwa akiniomba radhi. Nikamshika mkono, tukaenda kwa mwalimu, nikasema yote, rafiki yangu akisikia.

Mwalimu hakunikaripia, na hilo lilizidi kunitahayarisha. Alizungumza na daktari, naye akakubali kumpima rafiki yangu baada ya wote. Wakati tukisubiri, tuliirekebisha fomu: ikikuta barua pepe iliyokwisha kutumika, inakataa na kumwambia mtu amwone mwalimu. Safari hii niliijaribu mara tano, mwalimu akiwa amesimama nyuma yangu.

"Fomu mbovu inarekebishika, mwanangu," alisema. "Lakini ulimtwika mwenzako kosa lako, naye akakuamini. Hapo ndipo penye aibu. Siku nyingine ukiulizwa kama umejaribu, nawe hujajaribu, sema bado. Neno hilo moja tu lingetosha."

"Ndiyo, Mwalimu," nilijibu, bila kuthubutu kuinua uso.