Kasia Ndani ya Nyumba

Sogeeni karibu, wanangu, zimeni redio, na mtu asikohoe. Haya yalimpata rafiki yangu Nives, hapa hapa Venisi.

Kaka yake Alvise aliigeuza nyumba ya marehemu mama yao kuwa ya kupangisha watalii. Wageni wakawa wanakimbia usiku, wakidai ina mzimu, akataka kuiuza.

"Nitakaa mimi," Nives akasema.

"Wewe unayeogopa panya? King'ora kimeshalia, mfereji unafurika leo. Ukikaa humo mpaka maji yashuke, dada, nyumba chukua!"

Jioni maji yakajaa chumba cha chini, umeme ukakatika. Nives, ngazini gizani, akasikia kasia likipiga maji mle ndani. Kisha sauti: "Ooe!"

Sisi tuliokulia mashuani, mtu akiita hivyo kwenye kona ya mfereji, huitikia tusigongane. Jibu likamponyoka: "Ooe!"

Kasia likamfuata, likipiga maji kwenye vidato vikavu.

"Geuza!" Nives akafoka. "Hapa pana mwenyewe, na hatoki!"

Kasia likageuka, likatokomea nje. Maji yaliposhuka, alikuwa bado amekaa palepale.

Basi nyumba aliirithi Nives. Alvise alihamia bara, ghorofa ya tano. Yeye alirithi lile kasia: hulisikia likipiga maji chini ya kitanda chake.