Spika Janja ya Bibi Mwanamkuu

Kila alasiri aliporudi kutoka shuleni, Shamila alivua viatu kizingitini, akamwamkia Bibi yake, kisha akamuuliza leo anataka kusikiliza nini. Wakati huo randa ya Baba yake, Mzee Idrisa, ilikuwa bado inalia kwenye karakana iliyo mbele ya nyumba, na harufu ya mbao za mninga ilifika hadi sebuleni. Nyumba yao ilikuwa Chemchem, Tabora mjini, na watu wengi wa mtaa ule walilalia vitanda vilivyotoka mikononi mwa Mzee Idrisa.

Bibi Mwanamkuu alikuwa amefanyiwa upasuaji wa jicho moja katika hospitali ya Kitete, na la pili lilikuwa linasubiri zamu yake. Daktari alimkataza kukazia macho runinga. Kwa mtu aliyezoea kufuatilia kila habari na kila mechi, hiyo ilikuwa adhabu. Ndipo mwanawe mdogo, Mabruki, anayefanya kazi Dar es Salaam, alipomletea spika janja. Ilikuwa ya duara, nyeusi, ndogo kama bakuli la uji lililofunikwa. Ukiiita jina lake, kijitaa kiliwaka juu, nayo ikakusikiliza. Ukiiomba muziki, ilipiga. Ukiiuliza swali, ilijibu. Bibi aliipa jina la Mgeni, kwa sababu, alisema, imekaa vizuri pale kwenye kabati, inajibu kwa adabu, na haijawahi kuomba chakula.

Kasoro yake ilikuwa moja. Mgeni hakujua Kiswahili. Alijua Kiingereza tu. Kwa hiyo Shamila, aliyekuwa darasa la sita na aliyependa somo la Kiingereza, akawa mkalimani wa nyumba. Bibi akitaka taarabu ya zamani, Shamila aliomba. Bibi akitaka kujua kama mvua itanyesha Dodoma, Shamila aliuliza. Na Bibi alipochoka, Shamila aliuliza yake mwenyewe. Twiga ana sauti? Kwa nini asali haiozi? Nani alikuwa wa kwanza kugundua kwamba dunia inazunguka? Jibu moja lilizaa swali jingine, na mara nyingi Mama yake alilazimika kumwita zaidi ya mara moja aende kuchambua mchele.

Katika nyumba ile aliishi pia Kashindye, binamu yake, mtoto wa kaka yake Mama. Kashindye alitoka Lusu, wilayani Nzega, akaja kwa shangazi yake ili asome mjini. Alikuwa msichana mwenye bidii na maneno machache, aliyeelewa Kiingereza kuliko alivyoweza kukisema. Alimwogopa Mgeni kidogo. Siku ya kwanza alimwamkia kwa Kinyamwezi, “Mwangaluka,” na Mgeni akajibu kwa Kiingereza kwamba hakuelewa. Wote walicheka, hata Kashindye mwenyewe, lakini tangu hapo hakuthubutu kumsemesha tena. Alimfuta vumbi tu kila asubuhi.

Siku moja Baba mdogo Mabruki alipiga simu. Katika mazungumzo alisema kwamba toleo jipya la spika ile liko njiani. Alisikia litakuwa na kioo cha kuonyesha picha, na huenda likaelewa Kiswahili. Shamila aliruka aliposikia hivyo. Akauliza ni lini wataletewa.

“Hiyo mliyonayo bado nzima,” Baba mdogo alimjibu akicheka. “Ikichoka, tutafikiria.”

Neno hilo lilimkaa Shamila kichwani. Alianza kumwona Mgeni kwa jicho jingine. Alipochelewa kujibu, Shamila aliguna. Aliposikia vibaya, alisema moyoni kwamba lile jipya lisingekosea. Alijiuliza lingetamkaje jina la Bibi. Je, lingejua methali? Lingejua vitendawili? Kila alipowaza hayo, alitamani kitu ambacho hakupenda kukitaja hata kwa nafsi yake: kwamba Mgeni achoke upesi.

Siku ya Jumamosi, Bibi akiwa amepumzika chumbani, mtandao ulikuwa dhaifu. Mgeni alipata mtandao kutoka kwenye simu ya Baba, na simu yenyewe ilikuwa karakanani. Shamila alimtoa kabatini, akavuta waya wake, akamweka kwenye kizingiti cha dirisha linalotazama karakana. Mtandao ukatulia. Mpaka hapo hakukuwa na kosa lolote.

Lakini ilipofika saa ya kwenda madrasa, aliinua macho akaona wingu zito limesimama upande wa mashariki, na upepo umeanza kupeperusha takataka za randa uani. Dirisha lilikuwa wazi. Alijua mvua ya Tabora ikija hivyo haibishi hodi. Alisimama pale akimtazama Mgeni, mkono wake ukiwa karibu kabisa na dirisha. Kisha akachukua mtandio wake, akatoka.

Mvua ilimkuta akiwa madrasa. Ilipopungua alirudi nyumbani akiruka madimbwi. Alipoingia sebuleni alimkuta Kashindye amesimama katikati ya chumba, Mgeni mkononi, kanga mbichi begani. Mama alikuwa mbele yake.

“Nimekwambia mara ngapi kwamba vitu vya umeme havifutwi kwa kitambaa chenye maji?” Mama alikuwa akisema.

Kashindye alieleza kwa sauti ya chini kwamba hakuwa akimfuta. Alikuwa uani akianua nguo, akakimbilia ndani, akamkuta Mgeni dirishani analoa. Alichomoa waya, akajaribu kumkausha kwa kanga aliyokuwa amejitanda.

“Na nani alimweka dirishani?” Mama aliuliza.

Kashindye alimtazama Shamila. Mama naye akamtazama. Shamila alihisi ulimi wake umekuwa mzito, na neno lililotoka lilikuwa jepesi kuliko yote.

“Sijui,” alisema.

Mama hakuwa mtu mkatili. Lakini Mgeni alikuwa mali ya mama mkwe wake, na Kashindye alikuwa damu yake yeye, mtoto wa kaka yake. Aibu ilimfanya awe mkali zaidi kuliko kawaida. Alimwambia Kashindye kwamba kuanzia siku ile asiguse kitu chochote sebuleni. Kashindye aliitikia, “Ndiyo, shangazi,” akaenda jikoni.

Walimwacha Mgeni akauke, kisha wakamchomeka kwenye umeme. Kijitaa hakikuwaka.

Siku zilizofuata nyumba ilipoa. Bibi Mwanamkuu hakumlaumu mtu. Alikaa kwenye kiti chake, akaimba vipande vya taarabu alivyokumbuka, na alipofika mahali alipopasahau alinyamaza. Shamila alijitolea kumsomea kitabu cha shule, lakini Bibi alisinzia. Baba mdogo alipoelezwa, alisema poleni, mwishoni mwa mwaka ataangalia kama lile jipya limeshatoka. Shamila alikuwa amepata ahadi aliyoitaka. Alishangaa kuona haimfurahishi hata kidogo.

Kilichomsumbua zaidi ni Kashindye. Hakugombana naye, wala hakumsema kwa mtu. Aliacha tu kuingia sebuleni. Chakula alikula jikoni, masomo alisomea jikoni, na alipopita karibu na kabati alikunja mikono kifuani kama mtu anayepita dukani na kuogopa kuambiwa ameiba.

Kisha jioni moja Shamila alimsikia akiongea kwa simu ya Mama na baba yake, Mjomba Ngassa, kule Lusu. Aliongea Kinyamwezi, na Shamila alijua maneno machache tu ya lugha hiyo. Lakini neno moja alilielewa vizuri, kwa kuwa lilirudiwarudiwa: *kaya*, yaani nyumbani. Kashindye alikuwa anaomba kuchukuliwa.

Shamila alitoka akaenda moja kwa moja karakanani. Baba yake alikuwa anapiga msasa mguu wa kitanda. Alimsalimia, akasimama, akashindwa kuanza. Baba aliendelea na kazi yake. Alimjua mwanawe, akitaka kusema atasema.

“Baba, mimi ndiye niliyemweka Mgeni dirishani,” Shamila alisema hatimaye. “Niliona mvua inakuja. Nikaondoka.”

Mzee Idrisa aliweka msasa chini. “Ulisahau?”

Shamila angeweza kujibu ndiyo. Mlango ule ulikuwa wazi, na hakuna ambaye angejua. Alitikisa kichwa. Akaeleza yote: toleo jipya, maneno ya Baba mdogo, mkono wake uliokuwa karibu na dirisha. Alipofika kwenye lile neno “sijui,” machozi yalimtoka.

Baba yake alipangusa vumbi la mbao mikononi. Kisha alisema, bila kupaza sauti, “Kuharibu spika ni jambo moja. Spika ni kitu. Lakini umemtwika mwenzako mzigo wako, naye ameubeba kimya kwa sababu yupo kwa watu. Enzi za misafara, watu wa huku walijulikana mpaka pwani kwa kubeba mizigo ya wengine, lakini walijua wanabeba nini na kwa nini. Kashindye hajui. Nenda ukautue.”

Hakumpeleka. Alitaka aende mwenyewe, ila alimfuata kwa nyuma.

Shamila alisema mbele ya wote: Bibi, Mama, na Kashindye aliyeitwa kutoka jikoni. Kusema mara ya pili kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza, kwa sababu Kashindye alikuwa anamtazama usoni. Alipomaliza, wa kwanza kuinuka alikuwa Mama. Alimshika Kashindye mikono yote miwili, akamwomba radhi kwa kumhukumu kabla ya kumsikiliza. Kashindye, ambaye siku zote zile hakuwa ametoa chozi, alilia hapohapo.

“Nilijua ni wewe,” alimwambia Shamila baadaye walipokuwa wawili. “Nilikuwa nangoja useme.”

Shamila alimuuliza kwa nini hakumtaja. Kashindye alijibu kwamba hata kama angemtaja, nani angemwamini yeye dhidi ya mtoto wa nyumba? Shamila alimshika mkono. Alimwomba msamaha, na Kashindye akamwambia asihangaike kwenda Lusu kumtafuta, kwa maana sasa haendi. Wakacheka kidogo, ingawa macho yao yalikuwa bado mekundu.

Kesho yake baada ya shule Mzee Idrisa aliwapeleka wote wawili kwa fundi karibu na soko. Fundi huyo aliitwa Elieth, dada aliyezoea kutengeneza simu na redio. Alipoona watoto wanachungulia, aliwasogezea viti. Alifungua skrubu moja moja, akainua kifuniko. Ndani hakukuwa na mtu wala maajabu. Kulikuwa na kipaza sauti chenye sumaku, kibao cha kijani chenye mistari myembamba kama barabara za ramani, na karibu na ukingo, vidude vidogo kama punje za mchele. Elieth alisema hayo ndiyo masikio yake.

Shamila aliuliza mbona masikio ni mengi. Elieth alieleza kwamba kwa masikio mengi spika hutambua sauti inatoka upande gani, kama mtu anavyogeuka akiitwa. Kashindye naye akauliza, kwa mara ya kwanza, kama maji yakikauka kwa nini kitu kisipone chenyewe. Elieth alimwonyesha kutu nyeupe iliyobaki kwenye kibao. Maji huondoka, alisema, lakini uchafu wake hubaki na kuziba njia ya umeme. Aliusugua kwa mswaki na spiriti, akakausha, akaunganisha upya waya mmoja. Akachomeka. Kijitaa kikawaka.

Sikio moja lilikuwa limekufa kabisa. Mgeni angesikia, lakini mtu angelazimika kumsogelea.

Jioni ile, kwa agizo la Baba, Shamila alimpigia simu Baba mdogo Mabruki akamwambia ukweli. Kisha Baba mdogo akasema kwamba habari za toleo jipya kuelewa Kiswahili alizisikia tu kwa watu, hakuna aliyehakikisha. Hata yeye anatumaini tu. Naye Baba alimtaka Shamila asaidie kazi karakanani kila Jumamosi asubuhi mpaka gharama ya fundi irudi, na alikubali bila kunung'unika.

Bibi Mwanamkuu aliwaita wasichana wote wawili, akawaketisha mkekani.

“Usiache mbachao kwa msala upitao,” alisema. “Mjukuu wangu, kutamani kipya si dhambi. Hata mimi natamani siku Mgeni ataongea Kiswahili, nimuulize yangu bila mkalimani. Lakini kipya hakiji kwa kuua cha zamani, na anayetaka kitu akimwachia mwenziwe lawama, atakipata bila raha. Umechelewa kusema kweli, lakini umesema. Usichelewe tena.”

Shamila aliitikia kwa kichwa. Kisha Bibi akasema leo hataki taarabu. Anataka kusikia swali la Kashindye.

Kashindye alisita. Shamila akamnong'oneza maneno ya Kiingereza, naye akayarudia mpaka yakakaa mdomoni. Akainuka, akaenda kabatini, akainama karibu kabisa na Mgeni. Alitaka kujua kama samaki hulala. Mara ya kwanza Mgeni hakusikia. Kashindye akamsogelea zaidi, akarudia polepole, na kijitaa kikawaka.

Jibu lilikuwa refu. Lilipokwisha, Bibi aliuliza amesema nini. Shamila alifungua kinywa, kisha akakifunga.

“Amesema wanalala, Bibi,” Kashindye akajibu. “Ila wengi hawana kope, kwa hiyo wanalala macho wazi.”

Bibi Mwanamkuu alicheka mpaka akashika shavu chini ya jicho lililofanyiwa upasuaji. Akasema basi hao hawana shida ya daktari wa Kitete, na akamwambia Kashindye amuulize Mgeni jingine.