Pengo la Mwezini

Inamisha kichwa kidogo. Hapo hapo. Nywele zako nyingi, kuzisuka tutakaa sana, kwa hiyo ngoja nikusimulie ya dada yangu. Na usije ukasema nimetunga. Mimi nikitunga huwa natia vichekesho.

Dada yangu, tumbo moja, alikuwa anatengeneza picha za mwezi. Si huu wetu. Kuna sayari huko mbali yenye miezi yake, na kuna chombo kilipelekwa kikauzunguke mmojawapo. Kinapiga picha, kinazirusha huku. Zinafika vipande vipande, na dada na wenzake wanaviunganisha kwenye kompyuta mpaka ardhi yote ionekane: mashimo, nyufa, vumbi. Siku ya kwanza kuonyeshwa nilimwambia, "Dada, usome miaka yote hiyo uje kutazama majivu?" Alinifukuza ofisini mbele za watu.

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Picha inaposafiri umbali ule, kuna sehemu hupotea njiani. Panabaki pengo, mraba mweusi tii. Kwenye picha za wataalamu pengo huachwa lilivyo. Lakini zile za kubandika ukutani, za kupendeza macho ya wageni, walikuwa wanaziba. Unachukua kipande cha ardhi ya jirani, unakinakili, unakilaza juu ya pengo, unafifisha kingo. Ukimaliza, hata wewe uliyeziba hupaoni ulipoziba.

Mchana mmoja dada alikuwa mbiombio, bango linasubiriwa. Kwenye kompyuta yake alikuwa amefungua picha mbili: ya mwezi, na ya mwanawe, ambayo ameigeuza kijivu ili amtilie mama yetu kwenye fremu. Mtoto huyo tunamwita Kidoti, kwa ajili ya kidoti cheusi alichozaliwa nacho shavuni. Basi dada akanakili, akalaza, akafifisha kingo, akapeleka. Bango lilipokwisha kutundikwa ukumbini ndipo akaona alichokifanya. Alikosea picha. Katikati ya vumbi la mwezi palikuwa na shavu la mwanawe, na kidoti kiko mahali pake.

Angelitoa saa ileile, yangekwisha. Yeye akacheka! Akanipigia simu, "Mdogo wangu, mwanangu kafika mwezini, na kufunga kamba za viatu bado hajui!" Nikacheka mpaka nikakaa chini. Akaliacha. Nani angejua? Ukishatia kijivu, shavu la mtoto na vumbi la mwezi havina tofauti.

Jumamosi yake nilikwenda kwao kula mchana. Kidoti akanirukia shingoni kama kawaida, "Mama mdogo! Mama mdogo!" akabandika shavu lake kwenye langu. Nikashtuka. Lilikuwa baridi kama chuma cha dirisha asubuhi. Nikagusa la pili: la moto, la mtoto yeyote. Nikamwambia dada, akasema labda alilalia upande huo.

Daktari akasema ni neva, akatoa dawa, akasema litapita lenyewe. Halikupita. Kila akiamka mtoto, foronya yake ina vumbi laini la kijivu. Dada analikung'utia dirishani, na upepo unavuma, lakini vumbi lile halikupeperuka. Lilianguka wima, kama changarawe. Na kidoti cha shavuni kikaanza kufifia, kingo kwanza.

Chombo kile kilikuwa na mizunguko yake. Baada ya muda kikapita tena juu ya eneo lilelile, kikaleta picha mpya, mbichi, haijaguswa na mkono wa mtu. Safari hii hapakuwa na pengo. Dada akaikuza.

Ardhini palikuwa na kidoti. Kando yake, mkunjo. Dada aliujua mkunjo ule. Ni wa mdomo wa mwanawe anapotaka kulia.

Bosi wao walimwita Taratibu, kwa jinsi anavyotembea kama amebeba mayai. Akainama, akatazama. "Shimo na ufa," akasema. "Wewe ni mama. Mama huona mtoto kila mahali."

Kikapita tena. Pua.

Kikapita tena. Jicho, limefumbwa.

Na huku nyumbani nusu ya uso wa Kidoti ilikuwa haicheki. Shavu lilikuwa tupu, kidoti kimekwenda. Aliacha kucheza. Dada akienda kazini ananiachia mimi, na mtoto anakaa tu kwenye kiti cha jikoni, mchana kweupe, anatazama dari. Nikachuchumaa mbele yake. Nikamwuliza polepole, nini mwanangu.

"Mama mdogo," akaninong'oneza, "niteremshe. Hapa kuna mawe tu."

Nikamnyanyua. Alikuwa mwepesi. Mtoto wa umri ule, mwepesi kama kapu tupu! Nikampigia dada simu, nikamwambia njoo, mtoto anatutoka. Alikuwa ameketi mbele ya picha iliyoingia asubuhi hiyo.

Jicho lilikuwa limeanza kufumbuka.

Hakukata simu, alitembea nayo, kwa hiyo mengine niliyasikia kwa masikio yangu. Alikwenda kwa Taratibu. Akamwomba kwa sauti ya chini amruhusu arudishe pengo kwenye picha ya kwanza.

"Picha imeshatoka," Taratibu akasema. "Ukiigusa, huna kazi hapa."

"Kazi chukua," dada akamjibu. "Mimi nataka mwanangu."

Nikasikia vidole vyake vikigonga. Nikasikia anahema. Alikuwa analikata shavu, analitoa, anaacha mraba mweusi. Kisha nikasikia karatasi ikichanika ukumbini, na watu wanapiga kelele, wanamwuliza ana wazimu gani.

Kidoti alikuwa mapajani mwangu. Alinilemea ghafla, uzito wake wote ukarudi. Shavu likapata moto chini ya kiganja changu. Akavuta pumzi, akaangua kilio. Wallahi sijawahi kufurahia kilio cha mtoto namna ile. Nililia naye, tukalowana, kisha akaomba mkate.

Kazi dada alifukuzwa, na hakuijutia. Ila Taratibu alikuja nyumbani baadaye, mtu mzima, amekunjamana, ameshika picha. Chombo kilikuwa kimepita tena. Ardhi yote ilionekana, kila jiwe, isipokuwa pale. Pale palikuwa na mraba mweusi. "Kamera ni nzima," alinong'ona. "Tumeipima." Tulimpa maji, hakunywa.

Mtoto akapona. Anakimbia, anavunja vikombe, ananijibu ovyo. Tatizo moja tu, hapigiki picha. Tumia simu yoyote, kamera yoyote, shavuni panatoka mraba mweusi. Dada akasema basi, asipigwe. Heri pengo kwenye picha kuliko pengo kwenye nyumba.

Geuka upande huu. Haya.

Wiki iliyopita shuleni kwao wakapiga picha ya darasa. Hatukuwa tumewaambia walimu kitu. Ungeanzia wapi? Nilimkuta mpigapicha mlangoni anawagawia wazazi, mtu mpole, ana adabu zake. Nikaipokea. Kidoti yuko mstari wa mbele, anacheka, uso mzima. Hakuna mraba. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, watu wakageuka.

Mpigapicha akatabasamu. "Palikuwa na doa jeusi hapo, mama. Kamera ilinifanyia utani. Nikaliziba."

Nikamshika mkono. "Umeliziba na nini?"

"Nimenakili shavu la mtoto aliyekaa kando yake. Rangi zao zinafanana mno. Ni ndugu?"

Ni ndugu. Wanasoma darasa moja, wanakaa dawati moja, huwezi kuwatenganisha hata kwa fimbo. Aliyekaa kando ya Kidoti ni binti yangu mimi. Nimezaa mmoja tu.

Nilimfanya aifute kwenye kompyuta yake palepale, mbele yangu, mbele ya wazazi wote. Lakini zilizochapishwa zilikuwa zimeshakwenda majumbani mwa watu. Dada yangu anazitafuta tangu siku hiyo, mlango kwa mlango, anaomba, anapiga magoti, anakusanya. Wengine wanampa. Wengine wanamfungia mlango. Kuna familia moja imehama, na picha wamekwenda nayo, na hakuna anayejua wamekwenda wapi.

Leo asubuhi binti yangu alipokuwa anaondoka kwenda shule nilimbusu shavuni. Sikumwambia kitu, nilitabasamu tu, nikamfungia kamba za begi. Tangu hapo nimekunywa chai ya moto, nimekunywa maji ya moto, nimejisugua kwa kitambaa mpaka ngozi imechubuka. Lete mkono wako. Gusa midomo yangu, usiogope.

Mbona unautoa?