Amelia na Jaribio la Mashine ya Korosho

"Hivi kweli kuna mtu anayelipwa mshahara kwa kuketi na kutazama wenzake wakifanya kazi?"

Bi Zainabu aliuliza swali hilo asubuhi moja, akiwa amesimama kwenye ua wa makuti uliotenganisha nyumba yake na nyumba ya akina Amelia. Alikuwa akisuka ukili wa mkeka, na hata alipokuwa akizungumza vidole vyake havikusimama.

Amelia alikuwa akifagia uwanja kabla ya kwenda shule. Alicheka, kisha akaziba mdomo kwa kiganja, maana aliyesemwa alikuwa hapo hapo. Alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya Graca, mama yake Amelia, akimtazama anavyobangua korosho kwa jiwe.

"Yupo, mama," alijibu mgeni. "Ni mimi. Na mshahara wenyewe hautoshi."

Bi Zainabu alicheka mpaka ukili ukamponyoka.

Mgeni huyo aliitwa Ndugu Stefano. Alikuwa mtu wa Iringa, lakini aliishi Shangani, mjini Mtwara, na kazi yake ilikuwa katika karakana moja huko. Alichunguza namna vifaa vinavyobuniwa: chombo huanzaje kichwani mwa mtu, hupita hatua gani, na kwa nini vingine huwafaa watu na vingine hutupwa stoo vikaota kutu. Miaka ile vijiji vya ujamaa vilihimizwa kutumia zana bora. Basi Ndugu Stefano akachagua kijiji cha akina Amelia, upande wa Kilambo karibu na mto Ruvuma, ili atengeneze mashine ya kubangulia korosho pamoja na wanakijiji wenyewe.

Mashine hiyo ilihitajika sana. Ganda la korosho lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Wanawake walijipaka majivu mikononi kabla ya kazi, na hata hivyo vidole vya Graca vilikuwa na mabaka meusi yasiyotoka kwa sabuni.

Siku iliyofuata Ndugu Stefano alikwenda shuleni. Mwalimu Raheli alimpa chaki, naye akachora ubaoni visanduku vilivyofuatana, kila kimoja na neno lake: haja, mchoro, mfano wa mti, majaribio, mashine ya chuma. Akaviunganisha kwa mishale. Kisha akachora mshale mmoja uliopinda, ukatoka kwenye majaribio ukarudi kwenye mchoro.

"Huo mshale umelewa," alinong'ona Issa, mtoto wa Bi Zainabu. Darasa zima likaangua kicheko.

Ndugu Stefano naye akacheka. "Haujalewa, kijana. Huo ndio ninaoupenda kuliko yote. Mkijaribu mfano wa mashine uliochongwa kwa mti mkaona kasoro, mtaniambia, nami nitarudi kwenye mchoro. Mti nikiukosea nachonga mwingine. Chuma kikishakatwa, kimekatwa. Kwa hiyo msinipe sifa. Nipeni kasoro."

Akasema tena kwamba mwanafunzi atakayeifanyia majaribio mashine hiyo atakwenda naye mjini kuionyesha kwenye sherehe za Saba Saba. Mwalimu Raheli alimchagua Amelia, kwa kuwa alikuwa na mikono myepesi. Amelia hakuwa amefika mjini tangu azaliwe, ingawa shangazi yake aliishi huko, mtaa wa Rahaleo, na kila mwaka alituma salamu za kumwita. Siku ile alitembea kwenda nyumbani kama mtu asiyekanyaga ardhi.

Mfano wa mti ulipoletwa, kijiji kilimpokea mgeni kwa heshima zote. Kuku alichinjwa. Mikeka ilitandikwa mbele ya ofisi ya kijiji, na mwenyekiti akatoa hotuba ndefu ya kumshukuru. Kisha Amelia akaketi kwenye mashine, mama yake kando yake akimpa korosho. Ukikanyaga ubao wa chini, meno mawili ya bati yalibana korosho na kulipasua ganda. Korosho kubwa zilipasuka vizuri, punje ikatoka nzima. Watu wakapiga makofi.

Ikaja korosho ndogo. Meno hayakuishika sawasawa. Iliteleza, ikapondeka, na mafuta yakaruka juu. Tone moja likamwangukia Amelia kwenye kifundo cha mkono. Aliuma midomo, akaufunika mkono kwa pindo la khanga ya mama yake.

"Limekuunguza?" Graca alinong'ona.

"Kidogo."

"Vumilia, mwanangu. Mtu ametoka mjini kwa ajili yetu, chakula chake kiko jikoni. Mgeni hatumwambii kazi yake mbaya mbele ya watu."

Hivyo ndivyo walivyolelewa wote pale, na kwa mambo mengi ni malezi mema. Ndugu Stefano alipouliza maoni, akina mama walishindana kumsifu. "Nzuri kabisa!" alisema mmoja. "Mungu akuzidishie!" alisema mwingine. Ndugu Stefano alijikuna kichwa.

"Hata kasoro moja hakuna? Amelia, wewe ndiye uliyekanyaga. Niambie, hata kama ni ndogo."

Watu wote walimtazama Amelia. Mwenyekiti alimtazama pia, akitabasamu. Mkono ulikuwa unamwaka moto ndani ya khanga. Lakini Amelia alifikiri: nikisema ina kasoro, watairudisha, na Saba Saba itapita.

"Hakuna, baba. Inabangua vizuri."

Watu walipotawanyika, Issa alimfuata nyuma. "Mbona umeufunga mkono kama mwenye jipu?"

"Nyamaza, mwenye mdomo kama kengele ya shule!"

"Haya, bibi wa mjini," alisema Issa akicheka, na yakaishia hapo.

Amelia alikwenda mjini. Alilala Rahaleo kwa shangazi yake, akanywa chai kwa mkate uliopakwa siagi, na kwenye sherehe akabangua, kwa ule mfano wa mti, korosho kubwa nzuri zilizochaguliwa kupendeza macho. Watu walimshangilia. Kidonda cha mkononi kilikuwa kimekauka, na hakuna aliyeuliza habari zake.

Msimu wa korosho ulipofika, mashine ya chuma ikaletwa kijijini kwa lori. Ilipakwa rangi ya kijani na meno yake yaling'aa. Kila mtu alitaka kuwa wa kwanza, ila Bi Zainabu aliwapita wote kwa vicheko.

"Nipisheni! Leo na mimi nipate mshahara wa kuketi."

Akaketi, akainama karibu na meno ili aone vizuri, akakanyaga. Korosho ya kwanza ikapasuka. Ya pili pia. Amelia alikuwa amesimama nyuma ya umati, na akaiona korosho ndogo ikiingia. Alifungua mdomo. Kisha akaufunga.

Mafuta yaliruka. Bi Zainabu alipiga kelele, akafunika jicho la kushoto kwa mikono yote miwili. Watu walimwagia maji, wakamkimbiza zahanati, na kutoka huko akapelekwa hospitali mjini. Tunamshukuru Mungu, jicho la pili halikuguswa. Lakini la kushoto lilibaki na ukungu mweupe, na daktari alisema haliwezi kuona tena kama zamani.

Issa alimkuta Amelia kisimani. Safari hii hakutania.

"Ulijua," alisema.

Amelia aliendelea kuvuta maji.

"Nami nilikuona umeficha mkono. Nikacheka tu." Akajitwika ndoo, akaondoka huku maji yakimmwagikia mabegani.

Amelia alirudi nyumbani akalia mbele ya mama yake, akasema yote. Graca aliweka jiwe chini. "Hata mimi nilijua," alisema polepole. "Mimi ndiye niliyekwambia uvumilie. Mungu anisamehe." Wakaongozana hadi kwa Mwalimu Raheli, naye akampelekea habari Ndugu Stefano.

Ndugu Stefano alikuja bila kelele, akaifunga mashine kwa mnyororo, akaanza upya. Alichonga mfano mwingine wa mti. Akaweka kinga ya bati mbele ya meno, na juu yake chekeche la kutenga korosho ndogo zisiingie pamoja na kubwa. Safari hii hapakuwa na kuku wala hotuba. Alimwita kila mama peke yake nyuma ya darasa, akamuuliza kwa sauti ya chini. Kasoro zikatoka nyingi: ubao wa kukanyagia uko juu mno, kinga inaficha punje, kigoda kinaumiza kiuno. Issa naye aliitwa, akasema chekeche lilimbana kidole, akakionyesha. Kila neno Ndugu Stefano alilishukuru, akarudi kuchora.

Mashine iliyokamilika ilifanya kazi vizuri. Wanawake wakabangua bila majivu mikononi, na vidole vya Graca vikaanza kutakata.

Siku ya kuikabidhi, watu walikusanyika darasani. Bi Zainabu alikuja pia, akaketi karibu na mlango. Ndugu Stefano alisimama kwanza.

"Kosa langu ni la kwanza," alisema. "Niliuliza swali gumu mahali ambapo hakuna mtu angeweza kulijibu."

Kisha Mwalimu Raheli akawageukia wanafunzi. "Wanangu, heshima ni jambo jema, na mgeni apewe kuku wetu mnono. Lakini mtu akikuuliza kuhusu kazi yake ili aitengeneze, ukimficha kasoro hujamheshimu. Umemwachia mwenzako aumie badala yako. Ukiona kosa, liseme mapema, likiwa bado la mti. Na ukiona haya kulisema mbele ya watu, mfuate mtu pembeni umwambie."

Amelia alisimama. Alikwenda mpaka mlangoni, akapiga magoti mbele ya Bi Zainabu.

"Mama Issa, nisamehe. Mafuta yalinirukia mimi kwanza. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kwenda mjini."

Bi Zainabu aliushika mkono wa Amelia, akaugeuza, akalisogeza lile kovu dogo karibu na jicho lake zima. Alilitazama kwa muda mrefu. Akalipitishia kidole mara moja.

"Nimekusikia, mwanangu," alisema.

Akauachia mkono. Alijifunga khanga yake, akainuka, akanyoosha kiganja cha kushoto kuupapasa mwimo wa mlango asije akaugonga, akatoka nje.