Taa Nilizozificha Kwenye Debe la Mahindi

Damu ya shemeji yangu ilikuwa bado mbichi kwenye bampa…

Na mimi nimechuchumaa nyuma ya gari, bisibisi mkononi, nang'oa ushahidi!

Naitwa Danford, naishi Mpemba, hapa Tunduma. Kabla hujanitukana kwenye komenti, soma mpaka mwisho. Halafu nitukane, nitakuwa nimestahili.

Wiki moja kabla, balbu ya breki ya Probox yangu iliungua. Fundi yupo, tena jirani. Ila mimi nilikuwa nimeangalia video mbili za kufunga taa za LED nyumbani, nikajiona injinia. Nikavuka mpaka hadi Nakonde, upande wa Zambia. Kijana wa duka akanichombeza kwa heshima ya Kibemba:

"Bosi mukwai, hizi hata kipofu ataziona!"

Nikabeba mbili.

Kazi yenyewe dakika kumi. Unafungua skrubu, unazungusha balbu ya zamani, unachomeka mpya. Nikakanyaga breki: nyekundu kali! Nikaachia, nikawasha taa ndogo: nyekundu kali! Nikapiga mluzi.

"Ferista! Njoo usimame nyuma nikanyage tena."

Mke wangu akatoka na mwiko mkononi. Taa ndogo zikiwa bado zinawaka, nikakanyaga breki.

"Vipi?"

"Sioni tofauti, baba Rozi."

"Haziwaki?"

"Zinawaka. Ila ukikanyaga, usipokanyaga, ni zilezile tu."

"Mama Rozi, rudi jikoni. Mambo ya magari utayaweza wapi?"

Akanitazama kidogo, akarudi na mwiko wake. Mimi huyo, nikarekodi video, nikaweka status. Wa kwanza kujibu alikuwa mdogo wake Ferista, Sadoki: "Umetisha shemeji!"

Sadoki ni bodaboda. Mtaratibu, hajawahi kuonja hata pombe ya kimpumu ya msibani. Ndoa yake na Nesta ilikuwa imeshatangazwa kanisani mara mbili. Lilibaki tangazo la tatu tu.

Alhamisi asubuhi natoka mjini kwenda Vwawa. Ukungu mzito, taa zote nimewasha. Kufika Mpemba nikasikia honi nyuma.

Piii! Piii! Piii!

Kwenye kioo namwona Sadoki na pikipiki yake, anapunga mkono. Nikacheka. Nikajua anazisifia taa. Nikaongeza mwendo kumtania, naye akaongeza.

Mbele kidogo, foleni ya malori ikatokea ndani ya ukungu, imesimama! Nikakanyaga breki kwa nguvu zote…

PUUU!

Paja la Sadoki limevunjika. Kichwani damu. Nikambeba kwenye gari lilelile, nikapitia kituo cha polisi kuchukua fomu ya matibabu, PF3, na askari akaniambia:

"Mfikishe hospitali. Mchana lete gari likaguliwe."

Likaguliwe… Hapo ndipo maneno ya Ferista yaliponirudia. *Ni zilezile tu.*

Nikitoka hospitali nikanunua balbu moja ya kawaida kufidia ile iliyoungua. Nikapitia nyumbani. LED nje, balbu za kawaida ndani. Zile LED nikazizamisha kwenye debe la mahindi, stoo.

Mkaguzi akakanyagiwa breki, akaangalia.

"Taa nzima kabisa. Huyu wa pikipiki alikuwa anakimbia."

"Alikuwa anakimbia, afande," nikasema.

Jamani, neno lenyewe lilikuwa kweli. Ndiyo maana lilinitoka kirahisi.

Njia ya mwongo ni fupi, ila yangu ilipitia kanisani. Kabla ya Jumapili mji mzima ulishasema Sadoki alikuwa amelewa. Mzee Hezron, baba yake Nesta, akaja juu: "Mwanangu simwozi kwa mlevi!" Wazee wa kanisa wakaitwa kikao. Hoja: tangazo la tatu lisitishwe, Sadoki atengwe na meza ya Bwana.

Na mimi ni mzee wa kanisa.

"Wanaokubali wanyooshe mkono."

Nikanyoosha! Mkono huuhuu ninaochapia hapa.

Tangu siku hiyo, kila Ferista akienda kuchota mahindi ya kusaga, roho inaniruka. Nikawa nawahi kumchotea mimi, akashangaa nimeanza lini kusaidia kazi.

Wiki ya tatu, Sadoki akaja nyumbani na magongo, mguu mzima kwenye hogo la plasta.

"Shemeji, nisamehe."

"Nikusamehe nini?"

"Nilikugonga. Ila kuna kitu kinanisumbua, usinicheke. Siku ile niliona taa zako haziongezeki mwanga ukipunguza mwendo. Nikasema kwa ukungu huu, lori likija nyuma litamsaga. Ndiyo nikawa nakukimbiza nikwambie."

Honi… Ile honi!

"Kwa nini hukuwaambia wazee?"

"Nilitaka. Wakasema polisi wamekagua, taa nzima. Sasa kama taa ni nzima, mimi niliona nini? Nimemwambia Nesta labda ile togwa niliyokunywa kwao ilikuwa imechacha, ikanilewesha. Pikipiki nauza, shemeji. Siyaamini tena macho yangu."

Nyie! Mguu nilimvunja kwa ujinga. Hii nyingine nilimfanyia kwa makusudi.

Nikainuka. Nikaenda stoo, nikazamisha mkono kwenye debe mpaka kiwiko. Ferista alikuwa mlangoni, ameona. Nikaanza kufunga. Safari hii dakika kumi zikawa nusu saa. Nikawasha taa ndogo.

"Sadoki, simama nyuma."

Nikakanyaga. Nikaachia. Nikakanyaga.

"Unaona tofauti?"

Akasogea na magongo yake mpaka karibu na taa.

"Sioni."

"Ndizo zilizokuwepo siku ile. Nilizibadilisha mimi kabla ya ukaguzi."

Nilishuka nikisubiri gongo la kichwa. Halikuja. Sadoki alijishusha chini kwenye tope, na hogo lake, akalia kwa sauti.

"Kumbe niliona! Dada, kumbe niliona!"

Ferista akamshika mabega. Kisha akanigeukia.

"Na mimi niliona," akasema.

Nilijipeleka polisi mwenyewe, na kesi inaendelea. Jumapili nikasimama mbele ya kanisa na zile LED mkononi, nikasema yote haya ninayowaambia. Uzee wa kanisa nimevuliwa. Nakaa benchi la mwisho, karibu na mlango, na huko ndiko nilikosikia tangazo la tatu la Sadoki na Nesta likisomwa. Mchungaji akauliza kama kuna mwenye pingamizi, watu wakageuka kunitazama. Nikainamisha kichwa.

Sadoki amenisamehe. Ferista bado, na simharakishi.

Sasa wewe unayetaka kufunga LED nyumbani, sikia. Washa taa ndogo kwanza, ndipo ukanyage breki, na mtu asimame nyuma. Akikwambia haoni tofauti, mwamini, hata kama ameshika mwiko. Wewe uko kwenye usukani, na taa zako za nyuma huwezi kuziona ukiwa umekaa pale.